Mzungu wa Nne Anahesabu Ngapi?

Katika Kiswahili cha wacheza karata wa zamani, mfalme haitwi mfalme. Anaitwa mzungu wa nne. Yule kijana mwenye kofia, ambaye leo tunamwita J, ni mzungu wa tatu. Bibi mwenye ua mkononi ni mzungu wa pili. Mzungu wa kwanza hayupo. Nilipokuwa mdogo nilielezwa kwamba wa kwanza alikufa vitani, na mwingine akanihakikishia kwamba alirudi kwao Ulaya na kuwaacha wenzake watatu huku. Ni hadithi nzuri, lakini jibu halimo katika historia ya vita wala ya meli. Limo ndani ya kanuni za mchezo.

Mchezo wenyewe unaitwa wahedi wa sitini, Kiarabu cha "moja na sitini". Kila karata kubwa ina pointi zake. Ree, yaani ile yenye alama moja, ina pointi 11. Seti, yenye alama saba, ina 10. Mfalme ana 4, J ana 3, bibi ana 2. Karata nyingine hazina kitu. Jumlisha: 11 na 10 na 4 na 3 na 2 ni 30. Aina za karata ni nne, kwa hiyo pakiti nzima ina pointi 120. Nusu yake ni 60. Ukifikisha 61 umeshinda, hata kama mwenzako ana 59 na uso wa kukata rufaa.

Basi mzungu wa nne ni mzungu wa pointi nne. Wa tatu ni wa pointi tatu. Hatuhesabu watu, tunahesabu thamani yao. Sijui lugha nyingine iliyompa mfalme jina la bei yake.

Maneno mengine ya mchezo huu yanatuonyesha mlango ulipopitia. Karata ni carta ya Kireno. Turufu ni trunfo. Seti ni sete, saba. Kopa ni copas, vikombe. Uru ni ouros, dhahabu. Shupaza ni espadas, panga. Pao ni paus, marungu. Angalia sasa karata zilizo mkononi mwako: kopa ina moyo, si kikombe. Uru ina umbo la pembe nne, si sarafu. Shupaza haifanani na upanga wowote niliouona. Majina yetu ni ya picha ambazo hazipo tena kwenye karata tunazochezea. Tulizipokea karata kwa majina ya kale ya Wareno, kisha viwanda vikatuletea michoro ya Kifaransa iliyoenea duniani kupitia Waingereza, nasi hatukuona sababu ya kubadili majina. Siku hizi mtu anayechora moyo kwenye kadi ya harusi anasema amechora kopa, bila kujua kwamba amemtajia bibi harusi kikombe.

Wareno nao hawakuvibuni vikombe hivyo. Karata zinaanza kutajwa katika maandishi ya Ulaya miaka ya 1370, zikiwa zimetoka upande wa Waislamu. Mwaka 1931, katika jumba la Topkapı mjini Istanbul, mtaalamu L. A. Mayer alikuta pakiti ya karata za Wamamluki wa Misri. Aina zake zilikuwa nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za kuchezea polo. Ulaya haikuijua polo, ikageuza fimbo kuwa marungu. Karata za vyeo zilikuwa za mfalme, naibu wake na naibu wa pili. Wahispania hadi leo huziita karata naipes, na ndani ya neno hilo wataalamu wengi wanamsikia yule naibu. Kwa hiyo Mswahili wa Mombasa alipopewa copas na Mreno alikuwa anapokea kitu kilichoanza safari Misri, kikazunguka Bahari ya Mediterania, kikashuka Atlantiki na kuizunguka Afrika nzima, wakati Misri yenyewe haikuwa mbali hivyo.

Tusifikiri mlango ulikuwa mmoja. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, iliangukia mikononi mwa Waomani 1698, lakini Msumbiji ilibaki chini ya Ureno hadi 1975, na Goa hadi 1961. Wagoa walikuwa makarani Unguja, Mombasa na katika ofisi za reli za bara. Kireno cha karata kilikuwa na miaka mingi ya kutuzoea.

Kuna jambo moja la ajabu ambalo mchezaji wa leo hulikataa mara ya kwanza. Kwa nini kijana, J, amzidi bibi? Kila mtu anajua Q iko juu ya J. Lakini katika karata za kale za Wareno karata ya cheo cha chini ilikuwa sota, na sota wao alikuwa mwanamke. Juu yake alikaa mpanda farasi, kisha mfalme. Karata za Kifaransa zilipoingia, bibi alichukua kiti cha yule mwanamke wa chini, na kijana akakaa kwenye kiti cha mpanda farasi. Malkia akawa mzungu wa pili kwa sababu ya mtumishi wa kike aliyekwisha kufutwa kwenye mchoro.

Lugha hii ilipanda mlima kwa miguu. Johannes Rebmann alipoona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wa msafara wake alikuwa Mswahili, Bwana Kheri. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Pangani na Mombasa ilipita Taveta na kuhemea mahindi na ndizi kwa Wachaga, na Kiswahili kikawa lugha ya biashara katika mabaraza ya mamangi muda mrefu kabla ya kuwa lugha ya shule. Kisha wakaja Wajerumani. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pale Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ikafika Moshi, na pamoja nayo watu wa pwani, makarani, mafundi na wachukuzi wa stesheni.

Nikiwa nasoma kuhusu Wajerumani hao ndipo nilipokutana na kitu kilichonifanya niiweke chini kalamu. Mchezo wa karata ambao Wajerumani wanauona kuwa wa taifa lao unaitwa Skat. Ulibuniwa katika mji wa Altenburg mwanzoni mwa karne ya 19. Katika Skat, ree ina pointi 11. Kumi ina 10. Mfalme ana 4, bibi 3, kijana 2. Jumla ni 120. Anayecheza peke yake dhidi ya wawili anahitaji 61.

Sitini na moja.

Michezo hii miwili ni ndugu wa ukoo mmoja mkubwa wa Ulaya. Tofauti yao ni ndogo: Mjerumani alimpa cheo cha pili kumi, Mreno akampa saba, na bibi na kijana wakabadilishana viti. Afisa aliyekaa kwenye boma la Moshi na Skat kichwani, na karani wa pwani aliyekaa nje ya boma hilo na wahedi wa sitini kichwani, walikuwa wanajua hesabu moja. Mmoja angeweza kumfundisha mwenzake kwa robo saa. Mara nyingi nawafikiria watu hao wawili, ukuta ukiwa katikati yao, kila mmoja akijumlisha kufika 61 kwa lugha yake. Historia ya mlima huu imejaa mambo ambayo mtawala na mtawaliwa hawakuwa wanayajua pamoja. Hili walilijua.

Majina ya Wajerumani hayakudumu. Kibanda cha kwanza katika njia ya Marangu, Mandara, kiliitwa Bismarck. Cha pili, Horombo, kiliitwa kwa jina la Carl Peters, yule aliyeitwa Mkono wa Damu na aliyefukuzwa kazi 1897 baada ya unyongaji alioufanya hapahapa Kilimanjaro. Leo vibanda vina majina ya mamangi. Wazungu waliobaki na vyeo vyao mlimani ni wale watatu wa kwenye karata.

Na hata hao wanaondoka. Moshi ya leo haichezi sana wahedi wa sitini. Ndugu zake kama albastini bado wapo katika baraza za wazee, lakini ukipita vijiwe vya bodaboda, mabweni ya wanafunzi au hema la wapagazi, utakuta lasti kadi. Unaweka karata inayofanana kwa aina au kwa namba na iliyo mezani. Mbili inamwokotesha mwenzako karata mbili. J inamruka. Ree inabadili aina. Kanuni ndogondogo hubadilika kila mtaa, na ndiyo maana robo ya muda wa mchezo ni ubishi. Jambo moja halibadiliki: ukibakiza karata ya mwisho ni lazima useme. Ukinyamaza unaadhibiwa.

Ukivuka mpaka Holili kuingia Taveta, mchezo huohuo unabadilika jina. Kijana wa Kenya atakwambia "tucheze poker", na ukidhani anataka fedha zako utakuwa umemwonea. Poker ya mitaa ya Kenya, ambayo pia huitwa kadi, ni binamu wa lasti kadi. Mbili ni kuokota, J ni kuruka, K inarudisha mchezo nyuma, na kabla ya kumaliza unatangaza: "Niko kadi." Kwa hiyo yupo mtu Afrika Mashariki ambaye amecheza poker tangu darasa la tano na hajawahi kucheza poka hata mara moja. Jina lilifika kabla ya mchezo.

Poka yenyewe, ile ya Texas Hold'em, nilifundishwa mjini Moshi mwezi Aprili, masika yakiwa yamekaza. Mwezi huo wageni ni wachache mlimani, na wapagazi wengi hurudi mashambani au hukaa wakisubiri simu. Mwalimu wangu alikuwa mpagazi wa misimu kadhaa. Alikuwa amejifunzia kwenye simu, akamalizia kwa mteja mmoja aliyekwama naye kambini siku ya mvua. Tulikuwa wanne kwenye chumba cha kupanga, na badala ya chipu tulikuwa na buni, kahawa kavu kutoka shambani kwa mama mwenye nyumba. Kila mtu punje hamsini.

Kanuni ni fupi, nami nitazisema kama nilivyozipokea.

Kila mchezaji anapewa karata mbili, zimefunikwa, anaziona mwenyewe tu. Wawili walioko kushoto kwa mgawaji wanatakiwa waweke dau kabla ya kuona chochote, mmoja dogo, wa pili mara mbili yake. Bila dau hilo la lazima kila mtu angesubiri karata nzuri hadi asubuhi. Kisha zamu inazunguka. Unaweza kufuata, yaani kuweka kiasi kilekile. Unaweza kuongeza. Unaweza kukunja, ukarudisha karata zako na kukubali hasara uliyokwisha kuiweka. Baada ya hapo mgawaji anafunua karata tatu mezani, ambazo ni za wote. Mnazunguka tena na madau, na safari hii, kama hakuna aliyeweka dau, unaruhusiwa kupita bure. Inafunuliwa ya nne, mnazunguka. Inafunuliwa ya tano, mnazunguka mara ya mwisho. Waliobaki wanafunua, na kila mmoja anatafuta karata tano bora kati ya saba: mbili zake na tano za wote.

Ubora unatokana na uhaba. Hapa ndipo nilipoanza kuupenda mchezo huu, maana hakuna cheo cha kupewa. Ukichukua karata 52 na kutoa tano, makundi yanayowezekana ni 2,598,960. Katika hayo, zaidi ya milioni moja na laki tatu hayana kitu chochote, ni karata kubwa tu. Jozi moja inapatikana mara 1,098,240. Jozi mbili, 123,552. Tatu zinazofanana, 54,912. Mfululizo wa namba tano, 10,200. Tano za aina moja zisizofuatana, 5,108. Tatu na jozi kwa pamoja, 3,744. Nne zinazofanana, 624. Mfululizo wa aina moja, 40, na manne kati ya hayo ndiyo yanayoishia na ree juu, mkono ambao mtu anaweza kucheza maisha yake yote asiuone. Hakuna sultani wala bunge lililopanga orodha hiyo. Kilicho adimu kinashinda kilicho kingi.

Mtu aliyelelewa na wahedi wa sitini anaumia mara mbili hapa. Kwanza hakuna turufu: kopa, uru, shupaza na pao zote ni sawa, aina haiizidi aina. Pili, seti. Karata ile ya pointi kumi, ambayo mzee akiipata hukaa vizuri kwenye kiti, katika Hold'em ni karata ya kawaida, na saba na mbili za aina tofauti ndizo zinazotajwa kila mahali kuwa mkono mbaya kuliko yote wa kuanzia. Mzungu wa nne naye amepanda juu ya seti, bibi amerudi juu ya kijana, lakini hakuna hata mmoja wao mwenye pointi.

Usiku wa kwanza mchezo ulikufa. Si kwa sababu hatukuelewa kanuni. Tulizielewa vizuri, lakini hakuna aliyekunja. Kila mtu alifuata hadi karata ya tano kwa sababu punje za buni hazikuwa na uchungu wowote, na aliyeishiwa alijaza tena kutoka kwenye gunia. Tulikuwa tunacheza bahati nasibu iliyo taratibu.

Mwalimu akatazama meza, akasogeza gunia nje ya mlango.

"Atakayeishiwa wa kwanza," akasema, "anaosha masufuria yote na kesho alfajiri anachota maji. Bomba la uani halitoi."

Mchezo ukabadilika palepale. Mwenzetu mmoja aliyekuwa anafuata kila kitu alikunja mara sita mfululizo. Watu wakaanza kunyamaza. Mimi nikawa natazama karata zangu kama ninayesoma barua ya benki.

"Dada," mwalimu akaniambia, "karata zako umeshaziona, hazitabadilika. Niangalie mimi."

Baadaye kidogo aliongeza dau mara mbili, nikakunja nikiwa na jozi ya kumi. Akafunua zake bila kuombwa. Hakuwa na kitu. Mtaani tunalo neno la jambo hilo, na naliona kuwa zuri kuliko la Kiingereza: alikuwa anazuga.

Ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna orodha ya kanuni iliyokuwa imenieleza. Katika wahedi wa sitini pointi zimo ndani ya karata. Unaweza kucheza bila senti moja, na mtu aliyefikisha 61 amepata kitu. Poka haina pointi. Karata hazina thamani yoyote hadi mtu aweke kitu ambacho kitamuuma kukipoteza. Dau si kiungo cha kuongeza ladha kwenye mboga. Dau ndiyo mboga yenyewe. Na kwa sababu hiyo unaweza kushinda bila karata, jambo ambalo katika lasti kadi haliwezekani na katika sitini na moja ni matusi.

Historia yake inaonyesha hilo tangu mwanzo. Poka ilikua katika eneo la New Orleans mwanzoni mwa karne ya 19, ikapanda mto Mississippi kwenye meli za mvuke, mahali ambapo watu wasiojuana walikaa pamoja siku kadhaa wakiwa na fedha mfukoni. Mwanzoni ilichezwa kwa karata 20 tu. Aina hii ya Hold'em ilizaliwa Texas mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 2007 bunge la jimbo hilo liliutambua rasmi mji mdogo wa Robstown kuwa nyumbani kwake. Ilifika Las Vegas 1963. Mwaka 1970 Benny Binion alianzisha mashindano yanayoitwa World Series of Poker katika kasino yake. Bado ilikuwa kazi ya watu wachache wenye kofia pana, na kwenye televisheni ilichosha, kwa kuwa mtazamaji alikuwa anaona watu wakikaa kimya.

Aliyeibadilisha ni Henry Orenstein, Myahudi wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi na baadaye akatajirika Marekani kwa kubuni vitu vya kuchezea watoto. Alibuni meza yenye kamera zinazoona karata zilizofunikwa. Ghafla mtazamaji wa nyumbani alijua nani anazuga na nani ana kitu, na alijua kabla ya wachezaji wenyewe. Kisha 2003, mhasibu wa Tennessee aitwaye Chris Moneymaker, na hilo ni jina lake la kuzaliwa, aliingia kwenye mashindano makuu kwa tiketi aliyoishinda mtandaoni kwa dola 86. Wachezaji walikuwa 839. Akaondoka na dola milioni 2.5. Kila mtu mwenye kompyuta akajiona ni yeye, na baada ya kompyuta ikaja simu, hadi Moshi.

Mwaka huohuo, 2003, Tanzania ilipitisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha na kuunda Bodi ya kuisimamia. Tangu hapo mchezo wa fedha ni halali ukiwa na leseni, ndani ya kasino au kwenye kibanda cha kubeti. Bila leseni, hadharani, bado inakungoja Kanuni ya Adhabu, ambayo ni ya enzi za Waingereza. Katika kifungu cha 176 anayecheza mchezo wa bahati kwa fedha, au kwa kitu chenye thamani ya fedha, mahali pa watu wote, amewekwa katika kundi moja na ombaomba na makahaba wenye vurugu. Wazo hilo lina nasaba: sheria ya uzururaji ya Uingereza ya 1824 ilishawaandama wacheza kamari wa barabarani. Kama masufuria ya kuosha ni kitu chenye thamani ya fedha, hilo nawaachia wanasheria. Sisi tulikuwa chumbani.

Nilimuuliza mwalimu kama wanacheza hivi mlimani. Alitikisa kichwa. Lasti kadi, ndiyo, kila jioni, Horombo kwenye mita 3,720, vidole vimekufa ganzi na mtu anapiga kelele za "lasti kadi!" hadi wageni wanatoka kwenye mahema. Poka ya fedha, hapana, si kwenye kundi lake. Akanieleza sababu. Bahasha ya wageni hugawanywa safari ikiisha. Kambini hakuna mwenye fedha mkononi, kwa hiyo anayecheza kwa fedha anacheza bahasha ambayo haijafunguliwa, na hajui ina shilingi ngapi. Msimu mmoja, mwenzao alicheza usiku tatu mfululizo. Aliposhuka getini alisaini, akapokea bahasha yake, na kabla hajaifungua akaigawa vipande vitatu kwa watu watatu waliokuwa wamesimama nyuma yake. Mkewe alikuwa amekuja kumpokea. Alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, na mtoto mgongoni.

"Alikuwa anacheza vibaya?" niliuliza.

"Alikuwa anacheza vizuri kuliko sisi wote," alisema. "Tatizo alikuwa hawezi kukunja."

Kuna watu wanaosema karata ni karata, zote ni kamari, na wanazitupa zote dirishani pamoja. Sikubaliani nao. Lakini sikubaliani pia na wale wa upande wa pili, wanaosema poka ni hesabu tupu kama chesi. Hesabu ipo, nimeitoa hapa na naipenda. Kupewa jozi tangu mwanzo ni mara moja katika kumi na saba, na mtu anayeijua namba hiyo atamshinda asiyeijua, si usiku mmoja bali katika mwaka mzima. Ila mwaka mzima ni wa mtu mwenye mtaji wa mwaka mzima. Mpagazi ana bahasha moja.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Kiboriloni kwa mzee mmoja jirani yetu wa zamani, aliyefanya kazi bandari ya Tanga ujana wake na kurudi na karata za huko. Shikamoo, marahaba, chai, ndizi. Nilimweleza mchezo mpya. Alisikiliza vizuri, akaniuliza kuhusu dau la lazima, akacheka aliposikia habari ya buni. Nilipofika kwenye karata za wote alinisimamisha kwa mkono.

"Seti?"

"Haina kitu, meku. Ni saba tu."

Akanyamaza kidogo.

"Na mzungu wa nne, anahesabu ngapi huko?"

"Hahesabu."

"Hata moja?"

"Hata moja. Inategemea watu wameweka nini mezani."

Akaivuta pakiti yake kutoka chini ya mto wa kiti. Ilikuwa imechakaa hadi karata zimekuwa laini kama kitambaa, na nane, tisa na kumi zilikuwa zimetolewa zamani, hazijulikani zilipo. Akazichanganya taratibu, akanipa nikate, akaanza kugawa.

"Turufu ni pao," alisema. "Cheza."